Vanishi haiilindi sola ya kioganiki: maji huingilia ukingoni

Mwenzetu wa Jambiani ameuliza iwapo kuipaka vanishi ya ngalawa ile sola nyembamba ya kioganiki, yaani inayonasa mwanga kwa kemikali za kaboni badala ya silikoni, na inayokunjika kama jamvi, kutairefushia maisha huko pwani. Nililifanya jambo hilo hilo hapa Wete, nikajuta.

Nilikuwa na vipande viwili vya aina moja, nikaviweka juu ya paa la banda la jiko, jirani na sakafu tunayoanikia karafuu. Kimoja nilikipaka vanishi mara tatu. Cha pili sikukipaka kitu, ila nilikizungushia ukingoni ule utepe mweusi wa mpira unaonata ambao mafundi huzibia viungo vya mabati, na nikauzidisha pale nyaya zinapotokea. Masika hayajaisha, kile cha vanishi kilikwishaota madoa ya kahawia, nayo hayakuanzia katikati bali kwenye matundu ya nyaya, yakawa yanatambaa kuingia ndani kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi. Vanishi yenyewe iligeuka manjano, ikaninyima na mwanga.

Adui wa seli hizi ni mvuke wa maji na oksijeni, ambavyo huila elektrodi ya metali, yaani tabaka linalokusanya umeme, na, vikisaidiwa na jua lenyewe, huliharibu tabaka linalonasa mwanga. Plastiki kama ya chupa za maji hupitisha gramu kadhaa za mvuke kwa kila mita ya mraba kwa siku, ilhali seli ikitakiwa kudumu miaka, kinga yake haifai kupitisha hata sehemu moja ya elfu ya gramu. Vanishi nayo ni jamaa ya plastiki. Kuirudiarudia ni kuchelewesha tu. Kinga ya kweli huwekwa kiwandani: utando wa oksidi ya alumini wenye unene wa makumi ya nanomita (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), unaojengwa kwa kupitisha mivuke miwili kwa zamu, kila mzunguko ukiongeza takriban sehemu moja ya kumi ya nanomita. Aghalabu hupishanishwa na tabaka za polima, yaani plastiki, ili kitundu cha utando mmoja kisikabiliane na cha mwingine.

Kwa hiyo, ndugu yangu, usiikunje sana, maana utando huo hupata nyufa zisizoonekana, na usiikate kwa mkasi ili itoshee paani, kwani utakuwa umeufungulia unyevu mlango mpya. Ziba kingo kwanza. Kipande changu cha pili bado kinachaji taa ya barazani, ingawa kona moja, niliyoiziba harakaharaka magharibi ikiadhiniwa, imeanza kuingia doa.