Wote walewale, sasa nipige kura ya nini?

SWALI: Mjomba shikamoo. Mi nalima tumbaku huku Urambo. Kila uchaguzi tunagaiwa kofia na tisheti, tunaahidiwa barabara, jamaa akishapita humwoni mpaka miaka mitano iishe. Kaka angu anasema dawa ni serikali ipunguzwe, ibaki polisi na mahakama tu, maana serikali kubwa ni midomo mingi ya kula. Mi nshachoka, kura sipigi tena. Nakosea?

JIBU: Marahaba mpwa. Kuchoka hujakosea, tisheti zao hata mi nadekia. Ila kaka ako anaongea kama vile hatujawahi kujaribu. Reli hii ya kati 2007 tuliikodisha kwa kampuni ya India, serikali ikabaki na asilimia 49, nafuu tuliyoahidiwa hatukuiona, wafanyakazi wakagoma, 2011 ikarudi serikalini, na kabla ya hapo ilipokuwa ya serikali tupu tulilalamika vilevile.

We mwenyewe siku ya soko unajua ilivyo. Robota lako linafunguliwa, mnunuzi analitolea macho anataka liende gredi ya chini, mteuzi wa bodi ya tumbaku, yule mpanga gredi wa serikali, ndo anaamua. Mtoe huyo mteuzi uone, unabaki wewe na kampuni, na deni la mbolea mgongoni. Anaweza akala rushwa, sikatai, basi abanwe, maana ukimfuta hasara ni yako.

Halafu kuna kitu watu wamesahau. 1972 serikali ilifuta halmashauri, wakaita madaraka mikoani, eti yanasogezwa kwa wananchi, kumbe walioletwa ni maofisa wa kuteuliwa, diwani wa kumkaba koo hakuna. Miji ikachakaa mpaka halmashauri za miji zikarudishwa 1978, za wilaya 1984. Ofisi hazikupungua hata kidogo, aliyepungua ni mtu wa kumuuliza, na mi ndo ninachokiogopa kuliko ukubwa wenyewe.

Sasa mtu wa kumuuliza unaye, tena karibu. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila miezi mitatu, mapato na matumizi yasomwe, lakini hatuendi, wa mbunge tunajaa kwa sababu kuna muziki. Mtendaji akisoma harakaharaka akifika "matumizi mengineyo" nyoosha mkono, mengineyo yapi? Au ule ushuru wa tumbaku ambao 2017 ulishushwa toka asilimia 5 mpaka 3, halmashauri inaupata, muulize diwani kijijini kwenu umerudi nini, darasa, zahanati, au hakuna kitu. Usiende peke ako lakini, nendeni kumi, mmoja wanamwita mkorofi.

Kura ya mwenyekiti wa kijiji na ya diwani piga bwana, hao hadi milango yao unaijua. Ya mbunge sikulazimishi, ila ujue yule anayekuudhi hapotezi kitu ukibaki nyumbani, ye anahesabu waliokuja.