Kabla Hujafunga Rimu Nyingine Kwenye Pikipiki ya ABS, Hesabu Matundu

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Mwanza aliniandikia: "Kaka, nimepata rimu za spoku kwa bei nzuri, nataka kuvua hizi za aloi. Pikipiki yangu ina ABS. Zitakubali?" ABS ni mfumo wa breki unaozuia gurudumu lisigande ukibana kwa nguvu. Nilitaka kumjibu mistari miwili, nikajikuta naandika mpaka saa sita usiku. Namjibu hapa, maana najua wengi wetu tuna ndoto hiyohiyo: kuiacha lami, kwenda mbali, na kurudi nyumbani juu ya pikipiki yako mwenyewe.

Kwangu ilianzia barabara ya Mto wa Mbu kwenda Engare Sero. Aliyepita pale anajua. Jiwe moja lilinipinda rimu ya mbele na upepo ukaisha wote, kwa kuwa tairi lisilo na tyubu linategemea mdomo wa rimu uwe mzima. Nilirudi Arusha na pikipiki nyuma ya pikapu, nimeapa kuhamia spoku. Spoku zinanesa, na zikilegea fundi anazikaza. Aloi ikipasuka unaitupa.

Jamaa ninayemfahamu akaniuzia gurudumu la mbele lililotumika, inchi 21, pamoja na habu (kitovu cha gurudumu) na diski. Langu lilikuwa inchi 19. "Linaingia bila shida," aliniambia. Na kweli liliingia. Fundi alichonga bushi, ekseli ikapita, breki ikashika. Nilipofungua swichi taa ya ABS iliwaka kama kawaida, ikazimika nilipoanza kutembea, halafu mita chache mbele ikawaka tena na haikuzimika. Fundi akasema, "Achana na hiyo taa, breki si zinashika?" Nikaachana nayo wiki tatu.

Ilikuwa Aprili, masika, pale Usa River. Guta likakatiza barabara ghafla. Kwa miaka mitatu mkono wangu ulikuwa umezoea kubana breki yote na kuiachia ABS kazi ya kuzuia gurudumu lisigande. Safari hii hakukuwa na ABS. Gurudumu la mbele liligoma kuzunguka, likateleza kwenye maji, na mimi nikaangukia bega. Mtulinga ukavunjika. Aliyeniuzia hakuja hata kunijulia hali, na hilo bado linaniuma kuliko mfupa.

Nikiwa nyumbani, mkono umening'inizwa shingoni, nililaza magurudumu yote mawili kwenye mkeka. Karibu na habu kuna pete nyembamba ya chuma yenye matundu mengi yaliyopangwa sawasawa. Nikaweka alama ya chaki kwenye tundu la kwanza, binti yangu wa darasa la pili akawa anahesabu kwa kidole. Ya zamani: 48. Mpya: 40. Nikamwambia arudie. "Arobaini, baba. Nimehesabu vizuri."

Hapo ndipo nilipoelewa. Sensa ya ABS, iliyo kando ya pete hiyo, haioni gurudumu, inaona matundu yakipita mbele yake, na kompyuta ya ABS inayageuza kuwa mwendo kwa kipimo cha gurudumu la kiwandani. Matundu yangu yalikuwa machache, na gurudumu la 21 lenye tairi la 90/90 lina mzunguko mkubwa kwa karibu asilimia 5 kuliko lile la 19 lenye tairi la 100/90. Nikienda kilomita 100 kwa saa, gurudumu la mbele lilisomeka kama 79, la nyuma 100. Kompyuta ikaona jambo lisilowezekana, ikazima ABS na kuwasha taa. Ile taa ilikuwa inanisemesha wiki tatu nzima.

Nilipopona nilirudi kwa utaratibu. Nilitafuta rimu ya spoku ya inchi 19 ikafungwa kwenye ile habu. Pete yangu ya zamani nilimpelekea fundi mchonga vyuma, akaichongea kitako kipya, kwa sababu matundu ya bolti hayakulingana. Tulimaliza siku nzima kuhakikisha pete haiyumbi ikizunguka na nafasi kati yake na sensa imebaki milimita 1 hivi. Kisha kosa lililobaki kwenye kompyuta likafutwa kwa mashine. Nilikwenda kwenye uwanja wa vumbi, nikabana breki kwa nguvu, na mkono wa breki ukatetemeka vidoleni. Nililia, sioni aibu kusema.

Ndugu zangu, tuache kuyachezea maisha. Rimu kuingia kwenye ekseli hakumaanishi pikipiki imeikubali. Hesabu matundu ya pete, mbele na nyuma. Pima kipenyo cha gurudumu pamoja na tairi lake, usiishie kwenye rimu. Angalia kwenye kitabu cha pikipiki yako nafasi inayotakiwa kati ya sensa na pete. Na taa ikiwaka tena baada ya kuzimika, paki. Usimsikilize anayekuambia ni taa tu, hata akiwa fundi wa miaka ishirini. Tuna wake, tuna watoto wanaosubiri kusikia geti. Hesabu matundu.

Kaka wa Mwanza, kabla hujamlipa huyo muuzaji, weka pete zote mbili chini, zitie alama ya chaki, unitumie picha. Nitahesabu na wewe.