Nilimkana Yesu kwa mdomo wangu mwenyewe, naweza kurudi?

SWALI: Bwana asifiwe mchungaji, naomba usitaje jina langu. Niliokoka nikiwa na miaka 17, nikaimba kwaya, nikafundisha watoto Jumapili, yaani sikuwa mtu wa kukaa viti vya nyuma. Halafu mama akaumwa, tukafunga tukaomba sana, akafariki, na mimi nikaona basi hakuna anayesikia. Nikaacha, na sikuacha kimya kimya, niliandika kwenye grupu la familia kwamba siamini tena na msiniombee. Ni miaka 9 sasa. Siku hizi nalia usiku nataka kurudi, lakini mtumishi mmoja nilipomweleza akanifungulia Waebrania 6 akasema kwa mtu kama mimi haiwezekani tena. Sasa hivi hata kuifungua Biblia naogopa. Na baba yangu naye aliacha imani akafa hajarudi. Tuna nafasi kweli?

JIBU: Dada yangu, kwanza pole sana na mama. Naanzia hapo kwa sababu naona huyo mtumishi aliparuka, akakimbilia kwenye aya, wakati jeraha lenyewe liko hapo kwa mama.

Hiyo aya sasa. Sitailainisha, maana imeandikwa na ina uzito wake. Inasema waliokwisha kupewa nuru, wakaonja kipawa cha mbinguni, wakafanywa washirika wa Roho Mtakatifu, halafu wakaanguka, haiwezekani kuwafanya upya tena hata wakatubu. Ila endelea kusoma hapo hapo usiishie katikati, inatoa sababu, kwa kuwa "wamsulibisha Mwana wa Mungu mara ya pili". Angalia hilo neno, wamsulibisha, ni Kiswahili cha zamani kidogo, maana yake wanamsulibisha, haijasema walimsulibisha, na kwenye Kigiriki nako liko hivyo hivyo, ni kitendo kinachoendelea. Anaongelea mtu aliyegeuka na amekaa huko huko, moyo wake mgumu, msalaba kwake ni kitu cha kudharau. Mtu wa namna hiyo toba haimjii. Wewe toba inakuamsha usiku mpaka unalia, sasa utakuwaje ni yule asiyeweza kutubu? Halafu shuka mpaka aya ya 9, mwandishi mwenyewe anawaambia wasomaji wake kwamba kwao anatumaini mambo mazuri zaidi, yaliyo na wokovu. Aliwatisha ili wasiende huko, hakuwa anawafungia mlango wanaorudi.

Halafu Petro. Watu tunasema tu "Petro alimkana" kama jambo dogo, lakini soma Mathayo 26:74, alianza kulaani na kuapa kwamba hamjui mtu huyo, na ilikuwa mbele za watu kama wewe kwenye grupu. Yohana anasema usiku ule Petro alikuwa anaota moto wa makaa. Sasa nenda Yohana 21, Yesu amefufuka, yuko ufukweni, na amewasha nini? Moto wa makaa tena. Anamuuliza mara tatu kama anampenda, mara tatu zile zile, kisha anamkabidhi kondoo. Mimi hiyo sehemu sijawahi kuisoma nikabaki mkavu. Yuda naye alijuta kulipokucha, Biblia inasema hivyo, ila alipeleka majuto yake kwa makuhani, wakamjibu yatuhusu nini, akaenda kujinyonga. Ndio maana nakuambia angalia sana unampelekea nani majuto yako.

Na swali lako sio geni hata kidogo. Mwaka 250 Kaisari Decius aliamuru watu wote watoe sadaka kwa miungu ya Roma na wapewe cheti, na Wakristo wengi sana walianguka, wengine walitoa sadaka kweli, wengine walinunua tu cheti. Mateso yalipopoa wakataka kurudi ikawa vita kanisani. Novatian, kasisi kule Roma, akasema kanisa lisiwapokee kabisa. Cyprian wa Carthage na maaskofu wenzake wakakaa mwaka 251 wakaamua mlango upo, lakini kwa toba ya kweli na kila mtu aangaliwe kwa kesi yake. Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 325 ulifuata njia hiyo, hata walioanguka bila kulazimishwa waliwekewa toba ya miaka 12 na mwisho wake walirudi kwenye meza ya Bwana. Miaka mingi, ndio, ila walirudi.

Najua utakutana na wengine watakuambia aliyeokoka kweli hawezi kupotea moja kwa moja, ndo msimamo wa Wakalvini, wafuasi wa mafundisho ya John Calvin, tangu mkutano wao wa kanisa kule Dort, Uholanzi, 1618 na 1619, na Wakatoliki, Walutheri na Wamethodisti wanasema mtu anaweza kabisa kuipoteza neema. Mi niko na hawa wa pili, maana maonyo ya Biblia nayachukulia kuwa maonyo kweli. Lakini kwa hali yako ubishi huo usikusumbue, wote wanakubali kwamba anayerudi kwa toba anapokelewa, Yesu kasema ajaye kwake hatamtupa nje kamwe.

Kuhusu baba. Sitakuambia yuko wapi na usikubali mtu yeyote akuambie, sio kwa kukutisha wala kwa kukubembeleza. Yule mhalifu msalabani aligeuka saa za mwisho kabisa, na kama sio Luka kutuandikia tungemhesabu amepotea. Kilichopita kati ya baba na Mungu siku zile za mwisho wewe hukukiona. Mlilie tu, inaruhusiwa.

Wewe usianze na Waebrania, iache kwanza. Anza na Zaburi 88, haina mwisho mzuri, inaishia gizani, na bado ni maombi. Mwambie Mungu habari za mama kama zilivyo, hata hasira. Kisha tafuta mama mmoja wa kanisa mwenye kifua cha kutunza siri, mwambie yote, asali na wewe. Kwenye grupu la familia utaandika ukiwa tayari, hakuna haraka.