Mbia kala hela za amana, je ofisi nzima inalipa? Kwa mnaoanza uwakili

Wadogo zangu mnaoripoti maofisini sasa hivi, hili swali litawakuta mapema, mimi lilinikuta mwaka wangu wa kwanza na nikalijibu vibaya. Nilipewa faili la mama mjane, wakili aliyekuwa mdhamini wa amana ya watoto wa huyo mama (trustee, yaani mtu anayetunza mali kwa niaba ya wanufaika) alikuwa mbia kwenye ofisi moja ya mawakili na hela zimeyeyuka, basi nikaandika kurasa nne kwamba ofisi inawajibika kwa sababu mbia ni wakala wa wenzake. Bosi wangu akasoma ukurasa wa kwanza akaniuliza kitu kimoja tu, "hela iliingia akaunti gani?" Sikuwa na jibu, hata steitimenti ya benki nilikuwa sijaifungua.

Topiki hii wengi tumeisoma kwa kesi za Uingereza kwahiyo nianzie huko. Sheria yao ya Ubia ya 1890, kifungu cha 10, inasema ofisi inabeba kosa la mbia akilifanya kwenye shughuli za kawaida za ofisi au kwa ruhusa ya wenzake. Cha 11 ni hela ya mtu iliyopokelewa na ofisi kwenye kazi zake halafu mbia akaichezea ikiwa bado mikononi mwa ofisi. Cha 13 ndo watu wanakiruka, na ndicho kinachohusu wadhamini wenyewe.

Chukua mfano, mbia ni mdhamini wa yatima, anachota milioni 40 za amana anaziingiza kwenye biashara ya ubia, milioni 15 zinaishia kwenye kodi na mishahara, 25 bado ziko benki. Wabia wenzake hawajui chochote. Hizo 25 wanufaika wanaweza kuzifuata zilipo na kuzirudisha, ila zile 15 wabia wasiojua hawatoi mfukoni mwao, anadaiwa aliyechota. Wangekuwa walijua, hesabu inabadilika kabisa, ndo maana emaili na meseji za wabia nazitafuta mapema sana.

Sasa kuna Dubai Aluminium dhidi ya Salaam, House of Lords (mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo) 2002. Kabla yake watu walibishana kama kifungu cha 10 kinagusa makosa ya ekwiti (kama kuvunja amana) au ni toti (makosa ya madai kama uzembe) peke yake. Wakili alidaiwa kuandaa mikataba feki ya ushauri iliyosaidia watu kuinyonya kampuni, ofisi yake ikamaliza madai kwa kulipa dola milioni 10, halafu ikawageukia wengine wachangie. Hapa someni taratibu, ofisi yenyewe ndo ilikuwa inasisitiza kwamba ilikuwa inawajibika, kwa sababu bila hivyo isingekuwa na haki ya kudai mchango! Mahakama ikakubali, kusaidia kwa udanganyifu uvunjaji wa amana ni kosa linaloingia kifungu cha 10.

Vijana wengi wakishaipata hiyo kesi wanaibandika kila mahali, na hilo ndo kosa ninaloliona zaidi. Walker dhidi ya Stones, Mahakama ya Rufani mwaka 2000, ilisema wakili akikaa kama mdhamini binafsi ofisi haiwajibiki kwa kifungu cha 10, na kwenye Dubai yenyewe jaji Lord Millett aliona kwamba kukaa kama mdhamini wa amana ya wazi (express trust, iliyoundwa kwa makusudi) bado sio kazi ya kawaida ya ofisi ya mawakili. Yaani kumsaidia mdhamini kama wakili ni kofia moja, kuwa mdhamini mwenyewe ni kofia nyingine. Halafu usinakili namba za vifungu vya Uingereza kwenye maombi yako, Tanzania ubia uko ndani ya Sheria ya Mikataba Sura ya 345, Kenya wana sheria yao ya 2012, soma chako kwanza.

Nikarudi kwenye faili la yule mama siku tatu nzima na leja. Malipo mawili. La kwanza lilikuwa na risiti yenye mhuri wa ofisi, lipo kwenye akaunti ya wateja. La pili, hela ya kiwanja, liliingia moja kwa moja akaunti ya yule wakili, karatasi haina hata letahedi, kasaini "mdhamini". Nikaandika upya, safari hii kurasa mbili. La kwanza tukaidai ofisi, la pili tukamdai yeye mwenyewe.