Hasi na hasi ni chanya, lakini si kila mahali

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimerudi kusoma hesabu ukubwani na kuna kanuni moja inanivuruga. Shuleni tulikariri kwamba "hasi na hasi ni chanya". Sasa nikikutana na −3 − 5 naandika 8, kitabu kinasema −8. Lakini 4 − (−6) kitabu hichohicho kinasema ni 10. Juu ya hapo, −3² kikokotoo changu kinaleta −9, nikiiandika kwenye Excel naletewa 9. Nishike lipi?

Jibu: Marahaba. Kanuni uliyokariri ni ya kweli, ila imekatwa mkia. Kwa ukamilifu wake inasema: hasi *ikizidishwa* kwa hasi, au *ikigawanywa* kwa hasi, jibu ni chanya. Kwenye kujumlisha haina kazi kabisa, na kuipeleka huko ndiyo chanzo cha ile 8 yako.

Tazama −3 − 5 polepole. Hakuna kinachozidishwa. Umesimama kwenye −3 juu ya mstari wa namba, kisha unaambiwa utoe 5, yaani urudi nyuma hatua tano, upande wa kushoto. Uko kushoto kwa sifuri tayari na bado unazidi kwenda kushoto. Huwezi kutokea upande wa chanya. Unafika −8.

Kwenye 4 − (−6) hali ni nyingine, kwa sababu alama mbili zimefuatana na kila moja ina kazi yake. Ya kwanza inasema "toa". Ya pili ni sehemu ya namba yenyewe, inakuambia kwamba kinachotolewa ni hasi sita. Mwaka 628 mwanahisabati wa India, Brahmagupta, aliandika kanuni za namba hizi akiita chanya mali na hasi deni, na kwa hapa mfano wake unatosha: mtu akikufutia deni la 6, hali yako imepanda kwa 6. Kwa hiyo 4 − (−6) ni sawa na 4 + 6, yaani 10. Kutoa namba yoyote ni kujumlisha kinyume chake. Shika hilo, utoaji wote utageuka kuwa ujumlishaji.

Kwenye kuzidisha, mfano wa deni unaishiwa nguvu. Deni mara deni ni kitu gani? Mimi huwa siulazimishi, naonyesha hesabu. Tunajua 5 + (−5) = 0, na chochote mara sifuri ni sifuri. Basi:

(−3) × (5 + (−5)) = 0

Fungua mabano: (−3) × 5 + (−3) × (−5) = 0. Kipande cha kwanza ni −15, maana ni −3 iliyojumlishwa mara tano. Ili jumla ibaki sifuri, kipande cha pili hakina budi kuwa 15. Hakuna aliyekaa akaamua kwamba hasi mara hasi iwe chanya; ingekuwa vinginevyo, kufungua mabano kungevunjika. Zikiwa namba nyingi zinazidishana, na hakuna sifuri kati yake, hesabu hasi ni ngapi: zikiwa shufwa jibu ni chanya, zikiwa witiri jibu ni hasi.

Tuje kwa −3². Hapa hukukosea wewe. Kwa desturi ya hisabati, kipeo hushika kile kilicho karibu nacho tu, yaani 3. Unapata 9, kisha alama ya hasi inaingia: −9. Ukitaka hasi nayo iingie kwenye kipeo, andika (−3)², jibu ni 9. Kikokotoo chako kinafuata desturi hiyo, hata Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, nayo inaifuata. Excel imepangwa tofauti: alama ya hasi iliyotangulia namba huishughulikia kabla ya kipeo, ndiyo maana =-3^2 (alama ^ ndiyo kipeo kwenye Excel) inaleta 9. Cha kuchekesha, ukiandika =0-3^2 inakupa −9, kwa kuwa sasa alama ileile ni ya kutoa. Weka mabano kila mara, hata pale unapoona hayahitajiki. Mabano hayana gharama.

Kwa kuwa umesoma shule, huenda unaikumbuka MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Inasaidia, lakini ina mitego miwili. Haitaji vipeo, ambavyo vinakuja mara baada ya mabano. Na wengi huielewa kwamba kujumlisha lazima kutangulie kutoa. Chukua 5 − 8 + 2. Anayekimbilia 8 + 2 anapata 10, kisha 5 − 10 = −5, na amekosa. Ile 8 ilikuwa na alama yake, ameiacha nyuma. Iandike 5 + (−8) + 2, uanze popote unapopenda: −8 + 2 ni −6, na 5 + (−6) ni −1. Kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja, kama vilivyo kugawanya na kuzidisha. Kama hutaki kubadili mwandiko, nenda kushoto kwenda kulia.

Jipime na hii bila kikokotoo:

−2 − (−7) + (−4) × (−3) − 5²

Jibu ni −8. Ukipata 42, umeibandika alama ya kutoa kwenye 5 kabla ya kupandisha kipeo. Ukipata −22, kosa liko kwenye −(−7), umelitoa 7 badala ya kulijumlisha. Na ukipata −32, ni kwenye (−4) × (−3), mahali pekee katika swali zima ambapo kanuni uliyokariri ilistahili kutumika.