Re: Baridi hili, niingize jiko la mkaa chumbani kwa kichanga?

Mdogo wangu wa Uyole, Mbeya, mkweo aliyekushauri jiko ana nia njema, ila jiko chumbani hapana. Hata mkaa ukishakolea na moshi kuisha, unaendelea kutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na Julai hii nani analala dirisha wazi?

Wangu nilimzaa Juni, huku Mbalizi. Nilimvua nikamwacha na nepi, kofia na soksi, nikamlaza kifuani ngozi kwa ngozi, kitenge kikatufunga wote, blanketi juu. Nikichoka, baba yake anapokea zamu (mwanzoni aliona aibu, baadaye ikawa kugombania). Kuoga saa saba mchana jua likiwaka, na siku nyingine namfuta tu.

Usipime baridi kwa kushika viganja vya mtoto, maana hupoa upesi. Shika tumbo au kisogo. Kwa kipimajoto, 36.5 hadi 37.5 ni sawa. Akiwa wa baridi mpaka tumboni, akigoma kunyonya, au akipumua mara 60 na zaidi kwa dakika, mbebe kifuani uende hospitali usiku huohuo.

Mkweo mpe kazi ya kukupikia wewe uji wa ulezi. Mkwe wangu alitulia hapo.