Fundi wa Hatamu Ajibu: Kabla ya Kukaza, Fungua Kinywa

Barua za mara hii zimetoka Kisumu, Njoro, Molo na Nakuru mjini. Nazijibu nikiwa karakanani kwangu Njoro, kati ya mikanda inayosubiri kushonwa. Kwa msomaji mgeni: hatamu ni mikanda yote ya kichwani pamoja na chuma chake, lijamu ni hicho chuma cha kinywani (mazizini wengi wetu tunakiita biti), na vigwe ni mikanda miwili anayoshika mpandaji.

Hujambo, Fundi. Nina farasi wawili ninaowapandisha watoto Jumapili na sikukuu, karibu na ziwa hapa Kisumu. Mmoja, dume aliyehasiwa wa miaka 9, tangu Desemba anarusha kichwa kila mtoto akishika vigwe, na ulimi anautoa nje upande mmoja. Lijamu yake niliundiwa na fundi wa kuchomelea. Rafiki ananishauri ninunue ile yenye vyuma virefu vya pembeni na mnyororo chini ya kidevu, eti atatulia. Ninunue? — Mwenye farasi wawili, Kisumu

Usinunue, ndugu yangu. Lijamu ya vyuma virefu ni wenzo. Mtoto akivuta kidogo tu, taya linapokea nguvu mara kadhaa ya ile aliyoitoa mkononi, na mnyororo unabana kutoka chini. Farasi wako analalamika kwamba anaumia, nawe unashauriwa umwongezee maumivu ili anyamaze.

Kwanza mtazame kinywani. Simama ubavuni mwa kichwa chake, msaidizi amshike, kisha ingiza kidole gumba kwenye pembe ya mdomo. Pale hapana meno. Kati ya meno ya mbele na magego kuna nafasi ya ufizi mtupu, na ndipo lijamu hukaa. Ukibonyeza kidogo atafungua mwenyewe. Mulika kwa tochi ya simu. Usipeleke vidole nyuma kwenye magego, huko mwachie daktari wa mifugo.

Pitisha kidole taratibu juu ya ule ufizi wa taya la chini. Utahisi mfupa mwembamba wenye ukingo, kama ukingo wa mbele wa mguu wako chini ya goti, na juu yake ngozi laini tu. Hapo ndipo chuma kinapogonga. Tafuta wekundu, uvimbe, kidonda au kovu gumu. Tazama pembe za mdomo ndani na nje, kisha ulimi, hasa upande ule anaoutoa. Kwa kuwa ni dume, angalia pia chonge zake. Lijamu iliyoshuka chini mno huzigonga kila hatua.

Nakwambia haya kwa sababu niliwahi kukosea vibaya. Nilipokuwa saisi kijana, yaani mtunza farasi, kwenye shamba moja la farasi, nilikabidhiwa jike wa kahawia aliyekuwa akipinda shingo na kukataa kugeuka kushoto. Niliambiwa ana kiburi, nikaamini. Nikambadilishia chuma kikali zaidi, nikamkaza mkanda wa pua, na kwa wiki tatu nikamlazimisha kugeuka. Daktari alipokuja kwa shughuli nyingine nilimwomba amtazame. Alimpa dawa ya kumtuliza, akafungua kinywa, akaniita nishike taa. Mbele ya magego ya juu, upande wa kushoto, palikuwa na kijino kidogo ambacho farasi wengine huota na wengine hawaoti, na chuma kilikuwa kikikisukuma kila nilipovuta. Alikitoa akakiweka kiganjani mwangu. Hakikuzidi sana punje ya hindi. Kidonda kilipopona, yule jike aligeuka kushoto kwa kuguswa kidogo tu na kigwe. Tangu siku hiyo sijamkazia mnyama mkanda kabla sijafungua kinywa chake.

Kwa hiyo mwite daktari wa mifugo amkague meno. Meno ya farasi huendelea kuchomoza kwa miaka mingi, na magego huota makali kwenye kingo: ya juu upande wa shavu, ya chini upande wa ulimi. Lijamu au mkanda ukisukuma shavu kwenye makali hayo, nyama inachanika kwa ndani na wewe huioni. Daktari huyasawazisha kwa tupa maalumu. Angalau mara moja kwa mwaka ni muhimu.

Sasa hiyo lijamu ya kuchomelewa. Chukua pamba ya dukani, ipitishe polepole juu ya chuma chote, na zaidi kwenye kiungo cha katikati na kwenye matundu ya pete. Nyuzi zikinasa popote, hapo ndipo ngozi ya mdomo inaponasa. Nimeona lijamu zilizoundwa kwa nondo ambazo kwa macho zinang'aa, lakini kwenye kiungo kuna matone ya kuchomelea makali kama meno ya msumeno. Kama ni hivyo, iache leo hii. Tafuta ya chuma kisichoshika kutu.

Kipimo chake ni rahisi. Pitisha uzi laini kinywani, mahali pale lijamu inapokaa, utie alama kwenye pembe mbili za mdomo bila kuivuta midomo, kisha upime kwa rula. Ukipata sentimita 12, tafuta ya 12.5. Fupi zaidi inabana mashavu. Ndefu mno inateleza huku na huku, na ile yenye kiungo hukunjika mahali pasipo pake na kukwaruza. Unene nao una hesabu yake. Wengi husema chuma kinene ndicho cha huruma kwa sababu kinatandaza uzito, lakini ulimi wa farasi unakijaza kinywa karibu chote. Mwenye ulimi mnene na kaakaa lililoshuka hana pa kukiweka, na kutoa ulimi nje ni njia mojawapo ya kukikimbia.

Urefu wa mikanda ya mashavuni wazee walitufundisha kwa mikunjo: mmoja au miwili kwenye pembe ya mdomo. Anza nayo, lakini usiishie hapo, kwa maana midomo haifanani. Mwenye midomo minene hukunjamana hata lijamu ikiwa chini. Fungua uone chuma chenyewe kimelala kwenye ufizi mtupu, hakigusi jino, na midomo haijavutwa juu kama anayecheka.

Nimeacha la mwisho lililo kubwa kuliko yote. Mtoto wa miaka 5 akiogopa hushika alichonacho na kuning'inia. Umempa vigwe, basi ananing'inia kwenye taya la farasi wako, na Jumapili wanapanda watoto wangapi? Farasi anayeongozwa kwa kamba hahitaji chuma kinywani. Mvalishe mikanda ya kichwa isiyo na lijamu, ile tunayoiita hedikola, uhakikishe mfupa wa pua haubanwi, na anayemwongoza awe mtu mzima anayemjua. Funga mshipi wa ngozi mbele ya tandiko, mtoto aushike huo kwa mikono miwili. Atajisikia salama zaidi kuliko na vigwe, na farasi atapumzika. Asipotulia hata hivyo, chanzo kiko kwingine, pengine mgongoni chini ya tandiko. Niandikie tena.

Fundi, binti yangu ana miaka 14 na anaruka viunzi kwa farasi wa shule yao ya upandaji. Mwalimu anataka mkanda wa pua ukazwe hadi kidole kisipite, kwamba farasi akifungua mdomo atamshinda nguvu. Mimi si mtaalamu, lakini roho inaniuma nikimwona farasi yule. — Mama wa mpandaji, Njoro

Mama, roho yako imeona sawa. Vidole viwili vya mtu mzima, vimelala kimoja kando ya kingine, vipite chini ya mkanda. Na vipite juu ya mfupa wa pua, katikati kabisa. Wengi hupima shavuni, kwenye nyama, ambako vidole vitapita hata mkanda ukiwa umekazwa kupita kiasi.

Mnyama huyu hapumui kwa mdomo kama sisi au mbwa. Pumzi yake yote ni ya puani. Kwa hiyo mkanda usishuke kwenye mfupa mwembamba wa chini na nyama ya pua. Mkanda wa kawaida ukae vidole viwili chini ya ule mfupa mrefu uliotokeza shavuni. Ukikazwa, farasi hawezi kutafuna, kulamba wala kumeza mate vizuri, na mashavu yanasukumwa kwenye yale makali ya magego niliyoyataja. Mkiona nywele nyeupe zimeota kama mstari juu ya pua ya farasi mweusi au wa kahawia, jueni hapo palishaumizwa zamani.

Jambo hili limepimwa. Utafiti uliochapishwa 2017 ulikagua farasi 750 wa mashindano huko Ireland, Uingereza na Ubelgiji: asilimia 44 mikanda yao ilikuwa imekazwa hata kipimo hakiingii kabisa, na waliokuwa na nafasi ya vidole viwili walikuwa asilimia 7 tu. Mwaka 2025 shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, lilianza kutumia kifaa kimoja cha kupimia mkanda huo kwenye mashindano yake, na kinapita palepale juu ya mfupa wa pua.

Usimkabili mwalimu mbele ya wanafunzi. Nenda siku isiyo ya mazoezi, umwombe mlegeze pamoja tundu moja kwa wiki moja, na meno ya farasi yakaguliwe. Akikataa hata hilo, binti yako ana haki ya kutompanda farasi anayeumia, na umwambie hivyo waziwazi nyumbani ili asidhani ni uoga.

Mzee, mimi ni wa punda. Nabeba maji na viazi kwa mkokoteni hapa Molo. Punda wangu ana kidonda pembe ya mdomo. Lijamu yake ni waya niliouzungushia mpira wa tyubu. Nifanye nini na kazi haingoji? — Kijana wa mkokoteni, Molo

Kijana wangu, umefanya vyema kuuliza. Punda hawaandikiwi barua nyingi. Toa huo waya sasa hivi. Waya mwembamba unakata kama uzi unavyokata sabuni, na tyubu inashika ngozi badala ya kuteleza, ndiyo maana pembe imechubuka.

Chemsha maji nusu lita, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yapoe, umwoshe kidonda mara mbili kwa siku. Usipake oili chafu ya gari, nimeona wengi wakifanya hivyo. Kikitoa usaha au ukiona ameacha kula, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Kitu chochote kisirudi mdomoni mpaka pafunge kabisa.

Na nikuulize: chuma cha nini? Punda wa mkokoteni anayejua njia huendeshwa vizuri kwa mikanda ya kichwa yenye pete mbili mashavuni, vigwe vikifungwa kwenye pete hizo. Tafuta utepe mpana wa sentimita 4 au 5, uushonee kitambaa cha pamba upande wa ndani. Kamba nyembamba ya gunia usitumie, inachoma. Usinakili kipimo cha farasi: punda ana paji pana kwa umbo lake, na mkanda wa paji ukiwa mfupi unavuta ule wa kisogoni hadi kwenye mizizi ya masikio. Punda anayekataa kuguswa masikio mara nyingi ni huo mkanda. Chini ya koo acha nafasi ya ngumi yako nzima. Mfunze kwa siku mbili tatu mkokoteni ukiwa mtupu, mtembee uwanjani, ndipo urudi barabarani.

Wale wenye lijamu huko baridini Molo, asubuhi kishikeni chuma viganjani kidogo kabla ya kumpa mnyama. Kisumu ni kinyume, msikiache juani.

Nimesoma ushonaji viatu na ngozi naipenda. Naweza kuwa fundi wa hatamu? — Msichana wa Nakuru mjini

Unaweza, binti yangu, na ningefurahi sana. Njoro imefuga farasi tangu siku za Clutterbuck, baba yake Beryl Markham, yule rubani na mfunza farasi maarufu, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, lakini mafundi wa kurekebisha hatamu ni wachache na wengi tumezeeka. Msharasi na uzi wa nta umeshavijua. Usichokijua bado ni vichwa. Omba nafasi zizini, hata ya kusafisha, na kwa miezi kadhaa pima kila kichwa: kisogo hadi pembe ya mdomo, paji kutoka sikio hadi sikio, mzunguko wa pua. Viandike daftarini. Utaona kwamba shavu la kushoto na la kulia si lazima zilingane, na matundu uliyotoboa kwa kufuata upande mmoja yatakipinda chuma kinywani. Mimi hutoboa moja la kwanza, namvalisha, nasimama mbele yake nione kama pete mbili ziko usawa mmoja, ndipo natoboa mengine.